Waliozaliwa Tarehe Moja Mwezi wa Saba

"Mtu huyu tayari yupo," kompyuta iliniambia, na mimi, mzee wa kanisa ambaye asubuhi ileile nilikuwa nimeongoza sala ya familia, nikaijibu kwa sauti, "Hayupo!"

"Nani hayupo?" shemeji akauliza. Alikuwa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi, uso ameugeuzia upande ilikotoka sauti yangu.

"Wewe."

"Mimi sipo?" Akaweka kikombe chini taratibu, akipapasa meza kwanza. "Mdogo wangu! Hebu njoo umsikie mumeo. Nakunywa chai yake huku ananiambia sipo. Mgeni anafukuzwa hivi siku hizi?"

Mke wangu alicheka huko jikoni. Mimi sikucheka. Ilikuwa Jumatano, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu, na kwao ni kijiji cha Haneti. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limebaki na kivuli tu, na la kushoto lilimwonyesha mtu kama anavyoonekana kwenye vumbi la mwezi wa nane. Mwaka mzima alikuwa hajasoma Zaburi kanisani, yeye ambaye kwa miaka mingi kusoma ilikuwa kazi yake, na watu walikuwa wanawahi ibada ili wasikose sauti yake. Mwezi uliotangulia alikuwa ameungua mkono kwa kushika chungu upande wa moto. Ndipo tukamchukua akae nasi hapa Ipagala, maana tulikuwa tumesikia kwamba madaktari wa macho wangekuja mjini kwa wiki moja kufanya upasuaji. Watakuja tena lini, hakuna aliyetuambia.

Sharti lilikuwa moja. Kila mgonjwa aandikishwe mapema kwenye mfumo, kwa njia ya intaneti, apewe namba. Bila namba hakuna kitanda.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilifundisha hesabu, kisha nikawekwa katika ofisi ya afya ya kanisa letu, ile inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati za vijijini. Nilikuwa na zaidi ya miaka hamsini nilipojifunza kuandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Chuo cha Biblia nilikuwa nimekimaliza zamani, na nakiri kwamba Kiebrania kilinipa shida ndogo kuliko Java. Sasa nimestaafu, lakini programu inayotunza kumbukumbu zile niliiandika mimi, na hakuna mwingine anayependa kuigusa. Likitokea jambo, simu inalia Ipagala.

Safari hii jambo lenyewe lilikuwa dogo, au ndivyo nilivyowaambia. Tulikuwa na wagonjwa kumi na mmoja wa macho kutoka Haneti na vijiji vya jirani. Programu yangu ilipaswa kuchukua habari za kila mmoja, kuziandika kwa mtindo uitwao JSON, na kuzituma kwenye mfumo wa hospitali. JSON si kitu cha kutisha. Ni maandishi ya kawaida: unafungua mabano, unaandika jina la kitu, nukta mbili, kisha kitu chenyewe. Jina la kwanza, fulani. Jina la ukoo, fulani. Kijiji, Haneti. Ukishafunga mabano, programu inayapeleka kwenye anwani uliyopewa, kama barua, na inangoja majibu. Majibu yanakuja na namba ya tarakimu tatu. Ikianzia mbili, barua imepokelewa. Ikianzia nne, wewe uliyetuma umekosea. Ikianzia tano, wao waliopokea ndio wenye kosa. Kwa wiki nzima ile nilikuwa naomba nione tano walau mara moja, nipate wa kumlaumu.

Nilituma kwa mara ya kwanza Jumamosi. Programu ikaandika "Imekamilika." Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama mbele ya watu nikasema kwamba wagonjwa wetu wote kumi na mmoja wamekwisha kuandikishwa, tumshukuru Mungu. Tukaimba. Shemeji alilia kidogo.

Jumatatu akaniuliza, "Namba yangu ngapi, shemeji? Niikariri. Karatasi siwezi kuisoma."

Nikafungua kompyuta nimtafutie namba. Haikuwapo. Ya mtu yeyote haikuwapo. Neno "Imekamilika" nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe ndani ya programu, litokee baada ya barua ya mwisho kutumwa. Java ilikuwa imetuma barua zote na kuniletea majibu yote, na majibu yote yalianzia nne, lakini sikuwa nimeiambia iyatazame. Java haipigi kelele barua yako ikikataliwa. Kwake, kupata jibu ni kupata jibu, liwe la ndiyo au la hapana. Nilikuwa nimewasimamisha watu kanisani wakaimba kwa sababu ya barua kumi na moja zilizotupwa mlangoni.

Zilitupwa kwa nini? Kwa sababu juu ya bahasha sikuandika kwamba ndani kuna JSON. Kuna mstari mmoja wa kusema hivyo. Niliusahau, na mfumo haukujisumbua kufungua. Nikauweka ule mstari, nikatuma tena. Zikakataliwa tena. Sasa kosa likawa namba za simu. Nilikuwa nimeziandika kama hesabu, bila alama za kunukuu, na katika JSON hesabu haiwezi kuanza na sifuri. Simu zetu zote zinaanza na sifuri! Jumanne nzima niliimaliza kwenye hiyo sifuri. Mke wangu alipita mara tatu akaniona nimeshika kichwa. Mara ya nne akaniletea karanga za kuchemsha, akaniwekea karibu kama anayemlisha mgonjwa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatano asubuhi nikatuma mara nyingine, safari hii nikitazama kila jibu. Wa kwanza, imepokelewa, na namba yake hii. Wa pili, imepokelewa. Wa tatu, wa nne. Nikawa nasoma kwa sauti na shemeji anaitikia "Amina" kwa kila mmoja. Kumi walipita. Wa kumi na moja alikuwa yeye, na ndipo mfumo ukasema mtu huyu tayari yupo.

Nikapiga simu kituo chao cha huduma. Kwanza nilipigiwa muziki, wimbo uleule, hadi nikaanza kuuimbia sauti ya pili na ya tatu kama mwanakwaya. Mwishowe akapokea binti mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina mgonjwa mmoja anakataliwa. Mnasema tayari yupo."

"Ngoja nimwangalie, baba." Nikasikia vidole vikigonga. "Ni kweli, yupo. Ameingia leo asubuhi."

"Aliyeingia leo asubuhi ni mwingine. Ni wajina wake."

"Jina la kwanza hilohilo, la ukoo hilohilo, kijiji hichohicho, tarehe ya kuzaliwa hiyohiyo. Baba, huyu ni mtu mmoja."

"Ni wawili. Mmoja yuko kwake Haneti. Huyu mwingine yuko hapa anakula mkate wangu."

"Mwambie hauna siagi!" shemeji akapaza sauti.

Binti alicheka, kisha akashusha sauti. "Baba, fanya hivi. Huyo wa hapo nyumbani mwandikie tarehe mbili mwezi wa saba badala ya tarehe moja. Atapita."

"Nimwandikie uongo?"

"Ni siku moja tu, baba."

"Hata kama ni siku moja."

Vidole vikagonga tena. "Samahani, baba, usinielewe vibaya. Kwani tarehe moja ndiyo aliyozaliwa kweli? Naiona orodha yako hapa. Watu kumi, na wanane wamezaliwa tarehe moja mwezi wa saba. Huko kwenu watu hawazaliwi siku nyingine?"

Nilimshukuru, nikakata simu. Nilikuwa nimeudhika kwa namna ambayo mtu huudhika anapoambiwa ukweli na mtoto wa juzi.

Ile tarehe moja mwezi wa saba niliizalisha mimi. Zamani, tulipoanza kuingiza kumbukumbu za vijijini kwenye kompyuta, kila kadi ilidai tarehe kamili ya kuzaliwa. Wazee wa kwetu walikuwa wanajua walizaliwa mwaka wa njaa ipi, au mvua ipi, au kabla ya kisima kipi kuchimbwa. Tarehe hawakuwa nayo. Makarani wakaniuliza wafanye nini. Mimi, mwalimu wa hesabu, nikaona nina jibu zuri: asiyejua siku yake, aandikwe katikati ya mwaka. Hivyo kosa halitazidi miezi sita kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nikawaandikia waraka, nikautia sahihi. Mwaka wenyewe waliukadiria kwa kumtazama mtu usoni. Na kwa miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyedhurika, kwa hiyo nikasahau kwamba niliwahi kuamua jambo kama hilo.

Shemeji na wajina wake ni wa ukoo mmoja. Walibatizwa siku moja na mwinjilisti mmoja, ambaye inaonekana alikuwa na jina moja alilolipenda. Karani alipowaona ukubwani, nyuso zao zilimpa mwaka mmoja. Waraka wangu ukawapa siku moja. Kwa mashine, wale walikuwa wamekwisha kuwa mtu mmoja.

"Kwa hiyo nafasi yangu ameikalia yeye," shemeji akasema nilipomweleza.

"Hajakalia. Ana yake. Yako ndiyo haijafunguliwa."

"Mtoto yule toka zamani ananifuata nyuma. Nikienda kisimani, yupo. Nikiingia kwaya, yumo. Macho yangu yakiharibika, na yake yanaharibika." Akasonya, ila kwa mapenzi. Katika maisha yao yote yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Wajina wake alimwamkia shikamoo kila walipokutana, kisimani na kanisani, nimeyasikia mwenyewe. "Sasa ikifika Ijumaa sina namba?"

"Utakuwa nayo."

"Na nikikosa?"

Nikaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa, na mtu asiyeona anasikia sana mambo kama hayo. Akasema, "Basi nikikosa nipelekeni Buigiri, nikakae darasani na wale watoto wasioona. Nitakuwa mwanafunzi mwenye wajukuu." Mke wangu akacheka tena, lakini nikamwona akijifuta macho kwa upande wa kanga.

Nilijaribiwa, siwezi kuficha. Kuandika mbili mahali pa moja ni kugusa kitufe kimoja. Ningeweza kusema moyoni kwamba uongo wa tarehe mbili si mkubwa kuliko uongo wa tarehe moja. Lakini ule wa kwanza niliufanya bila kujua ninachofanya, na huu ningeufanya nikiwa nimeketi, nimevaa miwani, nimepata muda wa kufikiri. Nikamuuliza shemeji kama mama yao aliwahi kumwambia alizaliwa lini.

"Alisema alinizaa wakati wa kuvuna uwele. Uchungu ulimkuta shambani, akaacha kisu kwenye mabua."

"Mwaka gani?"

"Mama yangu alikuwa anavuna uwele, shemeji. Hakuwa anaandika mitihani."

Alhamisi asubuhi nikapanda basi kwenda Haneti, kwa sababu daftari la ubatizo lilikuwa huko. Mchungaji, kijana mwenye heshima sana, alinifungulia kabati la chuma akatoa madaftari ya zamani yaliyofungwa kwa kamba. Mchwa walikuwa wameingia kabla ya kabati kupatikana, na pembe za kurasa zilikuwa kama biskuti iliyoumwa. Tulizigeuza moja moja. Mwandiko wa yule mwinjilisti ulikuwa mzuri ajabu, umesimama wima. Pale palipokuwa na safu ya "Amezaliwa" hakuwa amekadiria chochote. Alichokijua alikiandika. Asichokijua aliandika hakijulikani, kisha akaongeza alichokiona kwa macho yake.

Shemeji nilimkuta katikati ya ukurasa. "Mwezi wa tano mwaka huu. Mchanga, amebebwa." Mistari miwili chini yake alikuwapo wajina wake. "Siku na mwaka havijulikani. Anatembea mwenyewe, ana meno yote ya mbele, amekataa kushikwa."

Nilisoma mara mbili. Kisha nikaivua miwani nikaifuta, nikasoma mara ya tatu. Siku ya ubatizo mmoja alikuwa mgongoni kwa mama yake na mwingine alikuwa anakimbia kanisani. Wajina ndiye mkubwa, na si kwa miezi.

Habari ya ujio wangu ilikuwa imekwisha kuenea, na nilipotoka nje nikamkuta wajina mwenyewe ananingoja kwenye benchi la ukuta wa kanisa, fimbo magotini, mjukuu wake wa kike amemshika bega.

"Mbukwa, shemeji," akanisalimu kwa Kigogo. Nikamwitikia. Akasema, "Nimesikia dada amekosa namba."

"Bado naitafuta."

"Yangu ninayo. Nimeandikiwa hapa." Akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nyingi. "Mpelekee. Jina si lilelile? Watajulia wapi? Mimi hili la kushoto bado linanifikisha kanisani. Yeye ni msomaji. Mimi hata likipona nitasoma nini?"

Wiki nzima nilikuwa nimezikasirikia namba, mashine, muziki wa simu na mimi mwenyewe, na mama huyu alikuwa amefunga jicho lake kwenye kanga, tayari kulitoa.

"Weka namba yako," nikamwambia. "Mtaenda wote wawili. Tena nina habari yako."

Nikamsomea maneno ya daftari. Alisikiliza, kichwa amekiinamisha. Nilipofika kwenye meno akaanza kutikisika, na nikadhani analia, kumbe anacheka bila sauti. Meno yenyewe ya mbele sasa hakuwa na hata moja.

"Miaka yote hiyo," akasema, "namwamkia mtoto."

Nilirudi Ipagala jioni nimechoka, nikalala. Ijumaa baada ya sala nikaketi kwenye kompyuta na ukweli niliotoka kuutafuta: mwaka na mwezi wa tano. Siku, hapana. Nikaandika mwaka, kistari, mwezi, nikaishia hapo. Programu ikakataa.

Nikasema hawa watu wa mfumo hawana utu. Wanataka siku ambayo hata mama mzazi hakuijua! Nilimweleza mke wangu kwa kirefu ubaya wa watu wanaokaa ofisini na kudai vitu visivyokuwapo duniani. Alinisikiliza akichambua mlenda, kisha akauliza, "Wamekuandikia hivyo?"

"Wameandika wapi?"

"Kwenye mwongozo wao. Si walikupa mwongozo?"

Walinipa. Niliusoma kurasa tatu za mwanzo, zile zenye anwani na mifano, nikaona nimetosheka. Mimi ambaye nimesoma orodha zote za vizazi katika Maandiko, fulani akamzaa fulani, bila kuruka jina, niliruka mwongozo wa kurasa ishirini. Nikaufungua. Ukurasa wa tisa ulikuwa na tarehe ya kuzaliwa. Ulisema inaweza kuwa tarehe kamili, au mwaka na mwezi, au mwaka peke yake, au iachwe wazi, kwa kadiri inavyojulikana.

Kwa kadiri inavyojulikana. Ndivyo alivyofanya yule mwinjilisti kabisa.

Safari hii mfumo haukuwa umemkataa. Jibu la kukataa lilikuwa limetoka ndani ya programu yangu kabla barua haijatoka nyumbani. Katika Java kuna aina ya tarehe inayoitwa LocalDate. Ukiitumia, lazima mtu awe na mwaka, mwezi na siku, vyote vitatu, la sivyo inagoma. Niliichagua mimi miaka ile kwa sababu ilionekana nadhifu. Waliokuwa mbali, ambao nilikuwa nimewalaani asubuhi yote, walikuwa wameacha nafasi ya mtu kutojua. Mimi wa Haneti kwa ndoa, ninayewajua wazee hawa, nilikuwa nimeiziba.

Ilikuwa saa tano. Nikaanza kuiondoa ile LocalDate na kuweka maandishi ya kawaida mahali pake. Kazi ya nusu saa. Lakini tarehe nilikuwa nimeitumia kila mahali, na kila nilipoitoa sehemu moja, sehemu nyingine tatu zilinung'unika kwa maandishi mekundu. Saa saba umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani, kwa hiyo kila kitu kikazimika palepale.

"Umezima?" shemeji akauliza kutoka kitini.

"Umeme umekatika."

"Ah. Nilidhani macho yangu."

Alikaa mikono ameiweka mapajani, midomo ikicheza, na nikajua anasema Zaburi kwa kichwa, moja baada ya nyingine, zile alizozisoma mara nyingi hadi hazihitaji macho. Nilitoka nje nikaangalia nguzo ya umeme kana kwamba ningeitia hofu. Nikarudi ndani. Nikatoka tena. Saa nane, hakuna. Saa nane na nusu, hakuna. Mke wangu akaniambia niketi, la sivyo nitachimba mfereji sakafuni.

Umeme ulirudi saa tisa na dakika chache. Kompyuta ikawaka kwa uvivu wake wa kawaida. Nikamaliza maandishi mekundu, nikaunganisha intaneti ya simu, nikaandaa barua moja tu: jina la kwanza, jina la ukoo, Haneti, mwaka, mwezi wa tano. Saa tisa na dakika arobaini nikabonyeza. Mduara ukazunguka.

Mia mbili na moja. Imepokelewa, kumbukumbu mpya imefunguliwa. Chini yake, namba.

Nikaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Shemeji akairudia. Nikaisoma tena, akairudia bila kukosea, kisha akasema, "Safari hii usitangaze kanisani. Ngoja kwanza nilale kwenye hicho kitanda."

Jumatatu iliyofuata nilituma barua nyingine kurekebisha kumbukumbu ya wajina wake, ili asibaki na tarehe yangu ya kubuni. Nilibonyeza nikiwa na hofu isije ikamfuta, ila haikumfuta. Na bado ninaendelea. Zahanati zile zina watu wengi wa tarehe moja mwezi wa saba, na wote niliwazaa mimi kwa waraka mmoja. Siku mbili kwa wiki mchungaji ananisomea madaftari kwa simu, mstari kwa mstari, na mimi naandika kinachojulikana. Mtandao wa Haneti unakatika kila tunapopata mwendo. Namshukuru Mungu kwa uhai wa kuifanya kazi hii, ingawa mara nyingine namshukuru meno yameumana.

Shemeji nilikuwa nimemwambia habari ya daftari kabla hatujampeleka hospitali. Alikataa kabisa. Alisema daftari limeliwa na mchwa, na walichokula ni miaka yake.

Walipasuliwa siku moja, kila mmoja jicho la kulia kwanza, na kwa kuwa ni wa kijiji kimoja walilazwa vitanda jirani. Asubuhi iliyofuata mimi na mke wangu tulifika wakati wa uji. Wajina alikuwa amekwisha kufunguliwa bandeji, anakunywa uji na kutazama kila kijiko kabla hakijaingia mdomoni. Nesi akaja kwa shemeji. Aliibandua ile bandeji polepole, akamsafisha jicho, akamwambia afumbue.

Akafumbua. Akatazama mkono wake, pande zote mbili, hasa lile kovu la kuungua. Akatazama dirisha. Akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu, wakashikana mikono. Kisha akageukia kitanda cha pili.

"Ni wewe huyo?"

"Ni mimi, dada."

Shemeji akamkagua kuanzia kichwani, mvi, mikunjo, hadi pengo la mbele. Alichukua muda. Wodi yote ilikuwa inasikiliza.

"Mh," akasema. "Kumbe daftari halikusema uongo." Akajivuta akaketi vizuri, akapanga kanga yake mabegani. "Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu." Wajina akakiweka kijiko chini. "Sijasikia vizuri. Hebu rudia."

"Usinichokoze. Nimetoka kupasuliwa."